Benchi la ufundi lipi likufae: kuchagua timu ya soka ya wanawake katika vyuo vya Marekani

Barua pepe za vyuo zikishafika mbili au tatu, mazungumzo ya nyumbani huwa yaleyale: chuo kipi kina jina, mji gani una baridi kali, nani anatoa pesa zaidi. Ni maswali ya haki. Lakini binti anayekwenda kucheza mpira huko atakuwa mikononi mwa watu wanne au watano karibu kila siku, na watu hao ndio wanaozungumzwa kidogo kuliko chochote kingine. Familia huangalia picha ya kocha mkuu, huhesabu makombe yake, basi. Msaidizi anayewanoa mabeki, kocha wa makipa, mtu wa mazoezi ya viungo, mtabibu atakayekuwa wa kwanza kukimbilia goti lako likijipinda: hawa hawatajwi, wakati wao ndio watakaoamua miaka yako itakuwaje.

Ulinganisho huu ni wa binti aliye Dar es Salaam, Kisumu au Bujumbura anayetafuta nafasi, na pia wa familia zetu zilizokwisha kuhamia Minnesota, Texas au Maine, ambazo binti yao anamaliza sekondari hukohuko. Nimeyagawa mabenchi katika aina tatu: benchi la kocha mkongwe, benchi la kocha mpya, na benchi dogo la chuo kidogo. Sitakuambia lipi bora kwa wote, kwa sababu nimeona mabinti wakistawi chini ya yote matatu, na wengine wakinyauka katika hayohayo.

Vigezo kwanza

Cha kwanza ni nani hasa atakufundisha. Kocha mkuu wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA (chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani), ana usajili, wafadhili, vikao vya idara na vyombo vya habari. Mazoezi ya nafasi yako, yaani yale ya mabeki peke yao au washambuliaji peke yao, mara nyingi huongozwa na msaidizi. Mjue msaidizi huyo kwa jina.

Cha pili ni uimara wa benchi. Skolashipu unapewa na chuo. Kocha akiondoka, makubaliano yako na chuo yanabaki, ila mtu aliyekuona ukicheza na kukupenda hayupo tena. Ile barua ya kitaifa ya kujifunga na chuo ilifutwa Oktoba 2024, na tangu Aprili 2024 mchezaji wa Divisheni ya Kwanza anaweza kuhama zaidi ya mara moja bila kukaa nje msimu, mradi masomo yake yako sawa. Mlango wa kutoka ni mpana kuliko zamani. Mpana pia ni mlango wa kuingilia mtu atakayekuja kugombea namba yako.

Cha tatu ni namba yenyewe. Makubaliano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo wa vyuo dhidi ya NCAA kuhusu malipo, yaliyoidhinishwa na hakimu Juni 2025, yameweka kikomo cha wachezaji 28 kwa timu ya soka ya wanawake katika vyuo vilivyojiunga nayo, na yameondoa ule ukomo wa zamani wa skolashipu 14. Kwa hiyo chuo chenye pesa sasa kinaweza kuwalipia wote 28, na kisicho nazo kikawalipia wachache. Nafasi za wale waliokuwa wakiingia kwa kujigharamia na kupambania namba zimepungua. Jambo moja linasaidia: sheria za vyuo zinaruhusu mchezaji aliyetolewa kurudi uwanjani, kwa masharti. Aliyetoka kipindi cha kwanza anasubiri hadi cha pili, na katika kipindi cha pili anaweza kurudi mara moja. Kocha anayependa kuzungusha kikosi atawapa dakika wasichana wengi kuliko unavyozoea kuona kwenye ligi za nyumbani. Kuna makocha ambao hawazungushi hata kidogo.

Cha nne ni mwili na usalama wako. Wasichana huchanika kano ya mbele ya goti, ile inayoitwa ACL, mara kadhaa zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo uleule. Mpango wa kupasha mwili wa FIFA 11+ umethibitika kupunguza majeraha ukifanywa kwa ukamilifu, kwa hiyo kumuuliza kocha timu yake inapasha vipi si utovu wa adabu. Na usalama si goti tu. Ripoti ya uchunguzi ya mwanasheria Sally Yates ya Oktoba 2022 ilionyesha kwamba unyanyasaji wa makocha katika ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani ulikuwa umekita mizizi, na kwamba mizizi hiyo inashuka hadi soka ya vijana. Katika chuo, malalamiko ya aina hiyo huenda ofisi ya Title IX, sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu. Jua ilipo ofisi hiyo kabla hujapanga vitu vyako chumbani.

Cha tano ni pesa na masomo, hasa kwa anayekuja na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi. Lazima asome muda kamili, kwa kawaida krediti 12 kwa muhula. Na zile pesa za matangazo wanazopata wenzake Wamarekani kwa kutumia majina yao, kwake zina vikwazo, kwa kuwa viza hiyo inabana kazi.

Benchi la kocha mkongwe

Mfano unaojulikana kuliko yote ni North Carolina. Anson Dorrance alianzisha timu ya wanawake pale mwaka 1979, akaifundisha hadi 2024, na katikati ya hapo akaiongoza timu ya taifa ya Marekani kutwaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, China, 1991. Mazoezi yake yalijulikana kwa kupima kila kitu: nani alimshinda mwenzake ana kwa ana, nani alikimbia kasi, nani alifunga, na orodha ikabandikwa wote waione. Santa Clara, Jerry Smith alichukua timu 1987, akatwaa ubingwa wa taifa 2001, na akautwaa tena wa msimu wa 2020, ambao kwa sababu ya korona fainali yake ilichezwa Mei 2021. Paul Ratcliffe alifika Stanford 2003 na akaipa makombe ya 2011, 2017 na 2019.

*Anayekufundisha.* Hapa ndipo benchi la mkongwe lina nguvu, na watu hawaioni. Mfumo umekaa, wasaidizi wanaujua kama kiganja cha mkono, na mara nyingi baadhi yao waliwahi kuichezea timu hiyohiyo. Unafika Agosti na kila mtu anajua beki wa pembeni anapaswa kuwa wapi mpira ukiwa upande wa pili. Gharama yake ni kwamba mfumo haukusubiri wewe. Kiungo mchezeshaji anayetaka kugusa mpira kila wakati, akienda kwa kocha mwenye miaka 30 ya kucheza mipira ya moja kwa moja, atabadilika yeye.

*Uimara.* Ni mkubwa, hadi siku unapokwisha. Dorrance alitangaza kustaafu Agosti 2024, siku chache kabla ya msimu kuanza. Wasichana walikuwa wameshafika kambini. Damon Nahas, msaidizi wake wa miaka mingi, alishika timu kwa muda, na Desemba mwaka huohuo North Carolina ikaifunga Wake Forest 1–0 kwenye fainali, ubingwa wake wa 22 wa NCAA. Ningeomba kila familia ilitafakari tukio hilo. Kocha mkubwa kuliko wote katika historia ya mchezo huo wa vyuo aliondoka ghafla na timu haikuanguka, kwa kuwa mtu aliyewajua wasichana kwa majina na kwa tabia alikuwa tayari ndani ya benchi. Ukiwa unaongea na kocha mwenye umri mkubwa, usimuulize lini atastaafu. Muulize wasaidizi wake wamekaa naye miaka mingapi. Jibu la swali hilo la pili lina uzito kwako zaidi.

*Namba.* Ngumu. Timu hizi husajili wachezaji wa timu za taifa za vijana kutoka Marekani na nje, na mwaka wa kwanza wa kukaa benchi ni jambo la kawaida hata kwa aliyekuwa nyota kwao.

*Mwili na usalama.* Vifaa ni vya hali ya juu, na daktari, mtabibu, mtu wa lishe na mtaalamu wa afya ya akili wapo. Swali ni kama unaweza kusema hapana. Kocha aliyekuwa mfalme wa mahali kwa miaka mingi anaweza kuwa baba mlezi wa kweli. Anaweza pia kuwa mtu ambaye hakuna anayethubutu kumpinga, hata mtabibu anayejua goti lako halijapona. Uliza nani ana kauli ya mwisho ya kumrudisha mchezaji uwanjani. Inapasa kuwa wataalamu wa tiba, na kocha mwema atakujibu hivyo bila kusita.

*Pesa na masomo.* Pesa zipo, kwa walengwa. Muda wa mazoezi una kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa msimu kwa kanuni za Divisheni ya Kwanza, lakini safari za ndege na masomo ya kufidia havihesabiwi humo.

*Anamfaa* msichana aliyekwisha kuujua mwili wake, anayevumilia kupimwa mbele ya wenzake, na ambaye mwaka mmoja wa kusubiri hautamvunja.

Benchi la kocha mpya

Wengi huliogopa, na mimi nadhani wanaliogopa kupita kiasi. Margueritte Aozasa alitoka kuwa msaidizi Stanford, akapewa UCLA Desemba 2021. Msimu wake wa kwanza, 2022, UCLA ilikuwa nyuma 2–0 dhidi ya North Carolina kwenye fainali, ikasawazisha zikiwa zimebaki sekunde chache, ikashinda 3–2 katika muda wa nyongeza. Florida State ni mfano mwingine: Mark Krikorian alijiuzulu Machi 2022, miezi michache tu baada ya kutwaa ubingwa wa 2021. Akaja Brian Pensky kutoka Tennessee, na mwaka 2023 timu ikachukua ubingwa bila kupoteza mechi, fainali ikiisha 5–1 dhidi ya Stanford.

Mifano hiyo ni ya vyuo vikubwa vyenye vipaji vilivyokuwapo tayari. Kocha mpya kwenye timu iliyomaliza mkiani ni habari nyingine, na hapo utaombwa subira.

*Anayekufundisha.* Kocha mpya huja na watu wake, hivyo benchi zima linaweza kuwa geni kwa chuo na wakati huohuo likawa limezoeana kwa miaka. Angalia wasifu wao kwenye tovuti ya timu: walifanya kazi pamoja wapi? Wakiwa wamekutana mwezi uliopita, tarajia msimu wa kwanza wenye kelele nyingi na maelekezo yanayogongana. Faida kubwa ni kwamba kocha mpya mara nyingi yuko uwanjani mwenyewe, kwa sababu anajenga.

*Uimara.* Chuo kilichomwajiri juzi hakina haraka ya kumfukuza, na kwa maana hiyo kocha wa mwaka wa kwanza anaweza kuwa salama zaidi kuliko wa mwaka wa tano anayeshindwa. Hatari iko kwa upande mwingine: akifanikiwa mapema, chuo kikubwa zaidi kitamfuata.

*Namba.* Wazi kuliko popote. Aliyerithi kikosi hana deni na mtu, kwa hiyo mchezaji wa mwaka wa kwanza anaweza kuanza mechi. Ila kama wewe ndiye uliyesajiliwa na kocha aliyeondoka, uwazi huohuo unakugeukia.

*Mwili na usalama.* Mtabibu wa timu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo na hubaki makocha wakibadilika. Huyo ndiye kumbukumbu ya timu. Omba kuongea naye.

*Pesa na masomo.* Kocha mpya mara nyingi huwa amekabidhiwa bajeti ambayo sehemu yake imeshatolewa kwa wachezaji waliopo. Ahadi ya mdomo ya "mwaka wa pili tutakuongezea" iandikwe.

*Anamfaa* msichana jasiri anayetaka dakika mapema na anayeweza kuishi bila kujua mfumo wa mwakani utakuwaje.

Benchi dogo la chuo kidogo

Hapa naingiza Divisheni ya Tatu ya NCAA, na kwa kiasi vyuo vya NAIA (chama kingine, cha vyuo vidogo zaidi) na vile vya miaka miwili. Kuna watu wanaodhani soka ya huko ni ya kupoteza muda. Messiah, chuo kidogo cha Pennsylvania, na Williams, Massachusetts, wamechukua ubingwa wa taifa wa divisheni yao mara kadhaa, Williams ikiuchukua 2015, 2017 na 2018. Ni mpira wa kweli.

*Anayekufundisha.* Kocha mkuu mwenyewe, karibu kila siku. Benchi linaweza kuwa na kocha mkuu, msaidizi mmoja wa kudumu, na mmoja au wawili wa muda wanaokuja jioni wakitoka kazini. Uhusiano huwa wa karibu sana. Mkielewana, huyo ni mlezi wako wa miaka minne. Msipoelewana, hakuna mwingine wa kukimbilia. Golikipa awe macho hapa, kwa sababu kocha wa makipa wa muda anaweza kupatikana siku mbili tu kwa wiki.

*Uimara.* Makocha wengi wa vyuo hivi hukaa muda mrefu kwa sababu wanapapenda, na msukumo wa kushinda ama kufukuzwa si mkali hivyo. Wasaidizi ndio wanaoondoka, kwa kuwa mshahara ni mdogo na wana ndoto zao. Wengine hupanda kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia: Julianne Sitch alikuwa msaidizi wa timu ya wanawake ya University of Chicago, mwaka 2022 akapewa timu ya wanaume ya hapohapo, na akaipa ubingwa wa Divisheni ya Tatu mwaka huohuo, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kwa timu ya soka ya wanaume ya NCAA.

*Namba.* Inategemea, lakini kwa mchezaji mzuri ni rahisi zaidi. Vyuo vingine vya Divisheni ya Tatu huwa na kikosi kikubwa kupita kiasi, kwa hiyo ulizia idadi.

*Mwili na usalama.* Mtabibu huhudumia michezo kadhaa kwa wakati mmoja. Ukirudi kutoka upasuaji wa goti, hapa panaweza kukupunja.

*Pesa na masomo.* Divisheni ya Tatu haitoi skolashipu ya michezo, na wengi wetu husikia hivyo na kufunga ukurasa. Usifunge. Amherst na MIT, vyote vya Divisheni ya Tatu, hupokea maombi hata ya wanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wao wa kulipa, na aliyekubaliwa hufidiwa pengo lote la mahitaji yake. Harvard, Yale na Princeton hufanya vivyo hivyo. Hivyo viko Divisheni ya Kwanza lakini ligi yao haitoi skolashipu za michezo. Kocha hawezi kukuingiza kwa nguvu zake, ila neno lake kwa ofisi ya udahili linaweza kusikika. NAIA na vyuo vya miaka miwili hutoa skolashipu za michezo, na hivi vya mwisho vimekuwa daraja la wasichana wengi wa kigeni ambao Kiingereza chao au alama zao zinahitaji muda.

*Anamfaa* msichana anayeweka shahada mbele, anayetaka kujulikana kwa jina, na ambaye hahitaji jeshi la wataalamu nyuma yake.

Jinsi ya kulisoma benchi ukiwa mbali

Fungua tovuti ya timu na uangalie vikosi vya miaka minne iliyopita. Chukua majina ya waliokuwa mwaka wa kwanza wakati ule, uone wangapi wamefika mwaka wa nne wakiwa bado pale. Wasichana tisa waliingia, wawili wakabaki? Hakuna hotuba ya kocha inayoweza kufuta hesabu hiyo. Kisha fungua takwimu za mechi uone wachezaji wangapi walicheza na wangapi walianza. Fanya hivyo kwa benchi la wasaidizi pia, mwaka kwa mwaka.

Tazama kama kuna mwanamke kwenye benchi. Kabla ya sheria ya Title IX ya 1972, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Leo ni chini ya nusu. Wanaume wengi niliowataja ni makocha hodari. Lakini kuna mambo ya hedhi, ya chakula, ya hofu za usiku katika nchi ya ugeni, ambayo msichana wa miaka 18 aliyelelewa kwetu hatamwambia mwanamume mzima. Mimi nisingempeleka binti kwenye benchi ambalo wote ni wanaume, bila mtabibu wa kike wala msaidizi wa kike.

Kwa hali yako

Kama huwezi kwenda bila pesa kamili na alama zako ni za juu sana, anza na vyuo vinavyofidia mahitaji yote, uwaandikie makocha wa huko mapema. Alama zikiwa za kawaida na mpira wako mzuri, NAIA, Divisheni ya Pili au chuo cha miaka miwili ni njia ya kweli, na benchi lenye uzoefu wa wanafunzi wa kigeni lina thamani kuliko kombe.

Kama uliendelea kucheza ligi ya wanawake nyumbani baada ya kumaliza sekondari, tafuta benchi lenye ofisa wa kanuni anayejibu. Kanuni za ustahiki huhesabu muda huo na mechi hizo, na unaweza kupoteza msimu kabla hujavaa jezi.

Golikipa achague kocha wa makipa wa kudumu, hata kama ni timu ndogo zaidi. Anayetoka kwenye jeraha kubwa achague kitengo cha tiba kwanza, na hapo vyuo vikubwa vina nafuu, kwa mkongwe au kwa mpya.

Kama unaitwa Twiga Stars au Harambee Starlets, muulize kocha waziwazi kuhusu wiki za mechi za kimataifa za Oktoba, maana zinaangukia katikati ya msimu wa vyuo. Fainali za WAFCON, Kombe la Afrika la wanawake, za Julai 2025 kule Morocco hazikugongana na msimu, lakini mechi za kufuzu zinaweza. Kocha anayesema "tutaona" hajakubali.

Kama familia yenu iko Marekani tayari na wazazi wanataka binti awe karibu, chuo kidogo kilicho mwendo wa gari kina faida ambayo haiandikwi popote: mama anaweza kufika siku ya mechi, akaongea na kocha uso kwa uso.

Na kama ulishakubali nafasi kisha kocha akaondoka kabla hujafika, usijitoe siku hiyohiyo. Omba chuo kithibitishe kwa maandishi kwamba skolashipu yako ipo. Subiri kocha mpya ateuliwe, umtumie video yako mwenyewe badala ya kungoja aitafute, na umuulize nafasi yako anaionaje. Wakati unasubiri, mpigie nahodha wa timu. Yeye anajua nani kati ya wasaidizi amebaki, na nani ameshafungasha.